Mti wa Lusaka Sebuleni kwa Shangazi

Watu wa Tunduma wakivuka kwenda Lusaka hurudi na vitu vinavyoeleweka: mablanketi, vitenge, madumu ya mafuta ya kupikia. Shangazi yangu alirudi na mti. Aliukalisha kiti cha mbele cha gari la kukodi, akaufunga mkanda, yeye mwenyewe akakaa nyuma amebanana na mizigo. Majirani walitoka kutazama ni mgeni gani huyo anayeheshimiwa hivyo, wakakuta chungu.

Ulikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Matawi yake yalikuwa membamba, yanainama, na majani marefu yalining'inia kama nywele za mtu aliyetoka kuoga akakosa kitana. Kwenye chungu palibandikwa karatasi yenye jina la Kiingereza, Willow Myrtle, ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejaribu kulitamka mara ya pili. Ukaitwa Mti wa Lusaka. Mimi nilitafuta kwenye simu nikakuta kwamba asili yake ni Australia na kwamba ni ndugu wa mkaratusi, mpera na mkarafuu, lakini nilinyamaza, maana shangazi alikuwa ameshawaambia watu kwamba Lusaka kila nyumba ya maana inao.

Uliwekwa sebuleni. Sebule ya shangazi hukaliwa na wageni tu. Sisi wa nyumbani tunaingilia mlango wa nyuma na kuishi jikoni. Makochi bado yana nailoni za dukani. Juu ya kila kochi kuna kitambaa, na juu ya kitambaa cha meza kuna kitambaa kingine cha kukinga kile cha chini. Kabla ya mti, pembeni ya luninga palikuwa na maua ya plastiki ambayo kwa miaka yote hayo hayakuwahi kumdai mtu chochote wala kumhatarishia mtu maisha yake. Yalipelekwa stoo ya nyuma. Niliwahi kuwaza kuyaomba radhi.

Mimi nina shahada ya mazingira. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akafikiri niliteuliwa kwa bahati mbaya. Chuoni niliandika utafiti kuhusu mtazamo wa wakazi juu ya upandaji miti. Mtazamo wa wakazi ulikuwa mzuri sana. Miti haikupandwa. Katika masomo yangu yote sikumbuki kushika udongo, isipokuwa siku nilipoteleza nje ya maktaba. Lakini kwa shangazi, mtu wa mazingira ni mtu wa miti, kama mtu wa umeme alivyo mtu wa nyaya, na nilikuwa nimekaa kwake muda wa kutosha, nikituma maombi ya kazi na kula, kiasi kwamba alianza kuona ni haki kimojawapo cha vitu hivyo viwili kilete faida.

Shangazi anauza mchele kwa Wazambia. Ana stoo karibu na mpaka, na kijana aliyekuwa akiisimamia alikuwa anaondoka kwenda kuanzisha biashara yake. Nilikuwa naijua stoo ile. Ilikuwa na meza, kiti, feni, na dirisha la kuangalia malori yakipanga foleni. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye kile kiti, nimevaa shati la mikono mirefu. Zaidi ya hapo ilikuwa ndiyo njia pekee ya kutorudi Vwawa, ambako baba ana shamba la kahawa na maoni kuhusu elimu ya juu.

Siku shangazi alipokuwa anaondoka tena, safari hii kwenda Kitwe kukusanya oda za wateja wake na kukaa kidogo kwa ndugu zetu wa upande ule, aliniita sebuleni. Nilijua jambo ni zito kwa sababu aliniambia nikae kwenye kochi.

"Mwanangu, nakuachia huu mti. Nikirudi nikiukuta kama ulivyo, stoo ni yako, funguo nakupa siku hiyohiyo. Nikiukuta vingine, utaenda kwa baba yako ukachume kahawa. Sitaki tugombane."

Nikasema sawa, shangazi. Akaniambia mti unywe kikombe kimoja cha maji, udongo ukikauka. Akaondoka akiongea Kibemba kwenye simu na mtu aliyekuwa akimcheka.

Nilibaki na maneno mawili, kama ulivyo, na yakaanza kunila. Mti ni kitu kinachokua. Ukibaki kama ulivyo, maana yake umekufa. Ukiwa mzima, hautakuwa kama ulivyo. Kwa hiyo kwa maneno ya shangazi yaliyo wazi kabisa nilikuwa nimeshindwa tangu asubuhi ile. Nilifikiria kumpigia anifafanulie, nikaona ataanza kunitilia shaka. Halafu kikombe. Nyumba ile ina kikombe cha chai cha udongo, kikombe cha bati cha bibi, na kikombe cha plastiki cha kuchotea maji ya ndoo, ambacho ukikijaza unaweza kunawa uso na miguu. Alimaanisha kipi? Nilichukua cha chai, kisha nikaona pengine mkono wake hujaza zaidi ya wangu, nikaongeza kidogo, kisha nikahofia nimezidisha, nikainamisha chungu kumwaga, maji yakaingia kwenye zulia.

Bibi aliyaona yote haya. Bibi ni mama wa shangazi na wa baba yangu. Alishuka kutoka Mbozi kutibiwa magoti na hakurudi. Mimi ni mjukuu, kwa hiyo ananiita mume wangu, kama bibi wote wanavyofanya, na kama wake wengi hakuvutiwa sana na alichokipata.

"Mume wangu, umedondosha nini humo?" aliniuliza asubuhi moja aliponikuta nimezamisha kidole kwenye udongo.

Nikamweleza kwamba napima unyevu. Kidole kikitoka kikavu, unanyweshwa. Kikitoka na udongo umeshikamana, unaachwa. Akatazama kidole, akatazama uso wangu, akauliza kama huko chuoni kila mwanafunzi alitumia kidole chake mwenyewe au walikuwa na cha shule.

Mti ule unapenda mwanga, kwa hiyo niliusogeza dirishani. Dirisha la sebule linatazama barabara kuu, na barabara kuu ya Tunduma ni malori yanayosubiri kuvuka, yakinguruma bila kwenda popote. Vumbi lilikaa kwenye majani. Nikasoma kwamba vumbi linaziba pumzi ya jani. Kuanzia siku ile kila asubuhi nilikaa kwenye stuli na kitambaa kibichi nikapangusa jani moja moja, juu na chini, nikiwa nimeukingia mkono wa kushoto kama muuguzi. Wageni wa bibi walipita wakanikuta hivyo. Walinisalimia kwa sauti ya chini, kama watu walioingia wodini. Nilidhani ni heshima kwa shahada yangu.

Wageni hao walikuwa akina mama wa kwaya. Kwa kuwa bibi hawezi tena kwenda mbali, ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa imehamia kwetu moja kwa moja, na mikutano ya kwaya ikaifuata, na baada yake zikaja ziara za kumjulia bibi hali, ambazo hazikuwa na ratiba. Baridi ya katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka, ile yenye upepo unaopita chini ya mlango, na nusu ya Tunduma ilikuwa inakohoa. Kwaya ilikuwa inakohoa kwa sauti nne.

Ndipo majani yakaanza kupungua.

Mwanzoni niliona tawi moja lina uwazi. Kesho yake likawa uchi kabisa, limebaki na vikonyo. Nikasoma. Mti huu ukinyweshwa sana hupukutisha majani, nikapunguza maji. Ukikosa maji hupukutisha majani, nikayarudisha. Ukihamishwa kutoka kivulini kwenda kwenye mwanga hupukutisha majani, nami nilikuwa nimeuhamisha. Nikaurudisha pembeni ya luninga. Ukihamishwahamishwa hupukutisha majani. Kila nilichosoma nilikuwa nimeshakifanya, na kinyume chake pia. Niliutoa mti kwenye chungu chake cha nje cha urembo, cha rangi ya dhahabu, ambacho hakina tundu chini, nikakuta maji yamelala humo yananuka. Nilifurahi karibu kulia. Hatimaye kosa lenye harufu. Nikayamwaga, nikaweka kokoto, nikalala vizuri. Siku iliyofuata matawi mengine mawili yalikuwa uchi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulisoma popote: majani hayakuwa chini. Mti unaopukutisha majani huyaacha kwenye zulia, na zulia la shangazi lilikuwa safi. Niliona hilo. Isisemwe kwamba sikuliona. Nililiona, nikalitafutia maelezo. Niliamua bibi huyafagia, ingawa bibi hajashika ufagio tangu ahame Mbozi. Nilipokumbuka magoti yake nikaamua ni upepo, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Mtu aliyesoma hashindwi kueleza kitu; hiyo ndiyo shida yake.

Shangazi alikuwa anataka picha. Nilimtumia upande uliojaa. Wiki iliyofuata nikauzungusha mti nikatafuta upande mwingine uliojaa. Mti una pande nyingi, lakini nilianza kugundua kwamba si nyingi kiasi hicho. Picha za mwisho nilizipiga kwa chini, nimelala kwenye zulia, tawi moja lenye afya likiwa mbele ya luninga na mengine yote yakiwa nyuma ya kamera pamoja nami. Shangazi alijibu kwa neno moja: "Mmh."

Nililitafakari neno hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotafakari sura ya pili ya utafiti wangu.

Jumapili moja nilimsindikiza bibi kanisani, nimemshika mkono. Tulikaa nyuma ya kwaya kwa sababu bibi anapenda kusikia nani kakosea. Baada ya somo la kwanza kwaya ilisimama. Kabla ya kuanza kuimba wakakohoa wote, na baada ya kukohoa wakatoa leso kwenye mifuko na vifuani, wakajifuta pua, wengine wakazigandamiza puani wakavuta pumzi ndefu. Harufu ikaja kwetu kama mtu amefungua dirisha.

Kuna harufu ambayo mti ule unaitoa ukivunja jani lake. Nilikuwa nimevunja moja siku ya kwanza: inanukia pipi za kifua, zile za kijani, pamoja na kitu cha ukali kama mkaratusi. Sikuwahi kuikuta mahali pengine. Sasa ilikuwa mbele yangu, imevaa majoho ya zambarau, imesimama safu tatu. Niliitambua kama unavyotambua shati lako kwenye mgongo wa mtu mwingine. Sauti ya kwanza ilinuka sebule yetu, sauti ya pili vilevile. Mwalimu wao alipoinua mikono kuwaongoza, alikuwa na jani limechungulia kwenye mfuko wa shati.

Bibi alikuwa anatazama mbele kwa utulivu wa mtu aliyetoa sadaka kubwa na hataki kutajwa.

Nilisubiri mpaka tuko njiani. Nikamwambia, "Bibi, kwaya imevuna mti wa shangazi."

"Haijavuna. Imeomba, nikatoa."

"Umetoa mti usio wako."

"Mume wangu, mtu anakuja kwangu anakohoa mpaka anashika ukuta. Nimwambie nini? Kwamba dawa ipo, ila ni pambo?"

Nikamwambia si dawa. Ni mti wa urembo. Nikamwambia kama wanataka majani ya kujifukizia nyungu, mikaratusi imejaa kuanzia Tunduma hadi Nanyala, mtu anachuma bure barabarani. Akanishangaa jinsi nisivyojua kitu. Ile ya barabarani, akasema, inapumua moshi wa malori na imejiotea yenyewe kama wahuni. Huu umetoka nje ya nchi. Unakaa kwenye zulia. Unapewa maji kwa kikombe cha chai.

"Na kila siku asubuhi," akasema, "mtu wa chuo kikuu anakaa nao anaupangusa jani kwa jani. Wenzangu walipokuona walinyamaza. Walisema, huo si mti wa kawaida. Kama si dawa, ungekuwa unaupangusa wa nini?"

Nilisimama katikati ya barabara. Dereva wa bodaboda alinipita akanieleza kitu kuhusu macho yangu. Ilinichukua muda kulimeza: nilikuwa nimekaa pale na kitambaa changu kibichi, kila siku, nikiutangaza mti mbele ya kwaya nzima. Hakuna mganga wa Tunduma aliyewahi kuipa dawa yake matangazo ya namna ile.

Nikamweleza bibi kuhusu stoo. Nilikuwa sijamwambia. Nikamweleza kuhusu funguo, kuhusu Vwawa, kuhusu maneno ya shangazi. Alinisikiliza akitembea pole pole. Hakunicheka, na hilo lilinitisha.

"Basi Alhamisi wanakuja," alisema. "Mimi sitoi tena hata jani. Wakiomba, nitawaambia mwenye neno ni wewe. Wewe utawakatalia."

Nilijiandaa. Niliandaa maelezo marefu, yenye utangulizi kuhusu umuhimu wa afya na shukrani kwa huduma ya kwaya. Niliandaa mengine mafupi yenye upole. Niliandaa ya tatu yenye neno moja tu, hapana, ambayo niliyafanyia mazoezi jikoni mbele ya sufuria. Alhamisi ilipofika niliweka kiti kati ya mti na wageni, nikakaa, nikakunja mikono. Wakasali, wakaimba, wakanywa chai na viazi vitamu. Kisha akasimama kiongozi wa sauti ya pili, mama mnene mwenye duka la nafaka mtaa wa pili, akaja mpaka kwenye kiti changu, akashika kifua.

"Mwanangu," akasema, "kifua kimeziba tangu jana. Bibi yako anasema wewe ndiye mwenye neno. Naomba majani, hata matatu."

Kichwani mwangu mambo yalienda kasi. Nikimkatalia, atalala na kifua kimeziba. Akizidiwa, watasema nilimnyima. Asipozidiwa, atasema nilimnyima. Jumapili itasemwa kwenye maombi, bila kutaja jina, kwa namna ambayo kila mtu atageuka kunitazama. Halafu ni matatu tu. Matatu hayahesabiki kama kupungua. Halafu si sahihi kumwacha mtu mzima amesimama.

"Ya upande wa dirishani ni laini zaidi, mama," nikasema.

Nikaondoa kiti. Na kwa kuwa tawi lenyewe lilikuwa juu kidogo na yeye alikuwa na maumivu ya bega, nililivuta chini nikamshikia.

Wenzake walipanga mstari nyuma yake kwa utaratibu mzuri wa watu waliozoea kwenda kutoa sadaka. Hakuna aliyesukuma. Kila mmoja alinibariki. Mmoja aliniombea kazi.

Bibi alikuwa kwenye kochi lake, anakunywa chai kwenye kikombe chake cha bati, ananitazama kama anatazama ng'ombe anayeingia mwenyewe kwenye gari la mnada.

Shangazi alirudi kabla ya siku aliyosema. Sauti yake ilitangulia kwenye simu kutoka mpakani, na sikuitambua, ilikuwa imekauka. Kitwe ilimpiga baridi, foleni ya mpakani ikammalizia. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yetu, akadondokea kiti cha jikoni, hakuwa na nguvu hata ya kuuliza chochote. Bibi alikuwa tayari ameshainjika sufuria. Alimfunika shangazi blanketi zito kutoka kichwani, akamsogezea sufuria inayofuka kati ya magoti, akaifunua. Mimi nilisimama mlangoni nikiomba harufu isitoke. Ilitoka. Ilijaa jikoni, ikajaa ukumbini, ikafika mpaka uani.

Chini ya blanketi shangazi alivuta pumzi, akakohoa, akavuta tena. Tulimsikia akipumua kwa muda.

"Mama," akasema kutoka mle ndani, "hii ni nini? Kifua kimefunguka chote."

Bibi akamwambia avute, asiongee.

Alipotoka, uso ukimeremeta kwa jasho, alijifunga kitenge, akasema anakwenda sebuleni kuona mti wake. Tulimfuata. Ulikuwa pale pembeni ya luninga, matawi karibu yote yamesimama wima kwa kukosa uzito, na mawili matatu ya nyuma, yale ya ukutani ambayo mikono ya kwaya haikufika, bado yananing'inia na majani yake. Ulifanana na mtu aliyenyolewa na kinyozi aliyeitwa nje kabla ya kumaliza.

Shangazi aliuzunguka. Akainama. Niliona ni wakati wangu. Nikamwambia kwamba mti haujafa, na kwamba akiangalia kwenye vikonyo ataona machipukizi madogo mekundu, na kwamba mti wa aina hii hustahimili kupogolewa, hata hupendelea, unarudi ukiwa umefunga zaidi, na kwamba kwa mtazamo huo hali iliyopo ingeweza kuelezwa kama matunzo.

"Umemaliza?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Nani alichuma?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nikisema bibi, nimemchongea mama kwa mwanawe, ndani ya nyumba ninayolala bure. Nikisema kwaya, ataniuliza nani aliifungulia mlango. Nikisema mimi, nitakuwa nimejifukuza mwenyewe kwa uongo, jambo ambalo lina heshima fulani lakini halina chakula. Nilikuwa bado kwenye la tatu wakati bibi alipojibu.

"Mimi nilianza, wengine wakamalizia. Na wewe umetoka kuyavuta sasa hivi, kwa hiyo tulia."

Shangazi alimtazama bibi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti yamefunikwa, hana wasiwasi wowote. Basi akanigeukia mimi.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, shangazi."

"Ukawa unafanya nini?"

"Nilikuwa napima unyevu wa udongo."

"Na aliwashikia tawi," akasema bibi, ambaye hupenda ukweli unapokuwa hauhitajiki.

Shangazi alicheka mpaka kikohozi kikarudi. Alikaa kwenye mkono wa kochi, nailoni ikalia. Alipopata pumzi hakuwa na hasira, na ningependelea angekuwa nayo.

"Picha zako niliziona," alisema. "Kila picha mti unazidi kuwa mwembamba na luninga inazidi kuwa kubwa. Nikasema ngoja nirudi. Mwanangu, mimi si mtu wa miti. Mti ungekufa wenyewe ningesema ni baridi. Lakini stoo kuna mchele. Watu wanakuja na maneno hayohayo. Nionje tu. Kiganja kimoja tu. Nina mgonjwa nyumbani. Wewe utawashikia gunia."

Jambo baya ni kwamba nililiona gunia. Nilijiona nimelishika mdomo, nimeliinamisha kidogo ili mtu asiumie bega.

Stoo alipewa yule mama wa sauti ya pili. Shangazi alisema mtu anayejua kuomba kiasi kile hataombwa na mtu. Nasikia amekaa kwenye kile kiti, feni inamwelekea, na hakuna Mzambia aliyefanikiwa kuonja hata punje. Kifua chake kimepona kabisa.

Asubuhi niliyoondoka, bibi alinifungashia mfuko wa majani, yale ya mwisho ya upande wa ukutani. Kwenu kule baridi kali, mume wangu, aliniambia, na akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilimwuliza kwa nini hakuwakatalia yeye mwenyewe ile Alhamisi, kwa kuwa alijua nitashindwa. Akasema stoo haikuwa yake.

Baba alinipokea Vwawa bila maneno mengi. Alitazama begi langu, akauliza nimeleta nini kutoka Tunduma. Nikampa mfuko. Nikamwambia ni majani ya mti wa nje ya nchi, adimu, yanasaidia kifua. Aliufungua, akatia pua, akaufunga.

"Mkaratusi," alisema. "Huo tunao nyuma ya choo."

Nikataka kumwambia kwamba si mkaratusi, ni ndugu yake, lakini alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na kikapu, akaniwekea miguuni. Akasema kahawa imeanza kuiva shamba la juu, kule mlimani, tunaanza kesho, na akanionya nisiharibu: nichume nyekundu tu, za kijani niache.

Nilitazama kikapu. Nilitazama mlima. Nikamwuliza nyekundu kiasi gani.